Jina Bila Bwana

Siku Kapteni Ambrose Wyvill aliposhuka kwenye treni pale Corveton kuja kukalia kiti cha Mkuu wa Polisi wa Westmarch, Silas Yelland alimsubiri stesheni akiwa na sare iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Akampigia saluti, akampokea mkoba, na moyoni akamwombea ateguke mguu. Hakuteguka. Alishuka vizuri tu, akatazama huku na huko kama mtu aliyerudi kwao, akasema, "Ah, wewe ndiye Bwana Yelland. Nimesikia jimbo hili unaliendesha wewe."

"Nilikuwa naliendesha, afande," Yelland akajibu.

Kapteni akacheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani hata kidogo.

Hebu jiweke wewe mahali pake. Mtu ameingia polisi ana miaka kumi na tisa, mtoto wa mwezeka paa za majani kule Nether Combe. Amepiga lindo miaka kumi na moja, mvua yake, theluji yake, walevi wake. Amepanda inspekta, amepanda mrakibu, mwisho akawa naibu wa mkuu. Mkuu wa zamani akafa, yeye akawaongoza polisi wote wa jimbo miezi saba, na hakuna bata aliyeibwa Westmarch bila Yelland kumjua aliyemla. Halafu mahakimu, wale mabwana wenye mashamba na mbwa wa kuwindia, wakakutana asubuhi moja mwaka 1868, wakanywa mvinyo wao, kiti wakampa kapteni wa miaka thelathini na mitatu ambaye maishani mwake hajakamata hata mwizi wa kuku! Kisa? Ni kapteni. Kiti kile ni cha muungwana, na muungwana wa kwetu hapatikani kwa kupiga lindo.

Kitu kimoja tu Yelland alikuwa nacho ambacho hakuna wa kumnyang'anya, nacho ni lile neno "Bwana." Konstebo wa Westmarch huitwa jina la ukoo tupu. "Pugsley! Hebu njoo!" Mtumishi wa ndani vivyo hivyo, na mtunza farasi, na mlinda shamba. Yelland naye aliitwa Yelland tupu miaka yake yote kumi na moja, na wakubwa, na wake za wakubwa, na hata watoto wa wakubwa ambao bado walikuwa wakipanguswa makamasi. Siku alipofanywa inspekta, karani wa ofisi alimwita "Bwana Yelland," na siku hiyohiyo akatembea maili sita mpaka kwa mama yake kumweleza hilo tu; cheo chenyewe akasahau kukitaja. Mama alilia kwa furaha. Tangu hapo mtu akimkosea hilo neno alikuwa radhi amsamehe deni kuliko kumsamehe kosa lile. Waungwana nao, wakiwa wao kwa wao, waliitana majina matupu, Wyvill, Chudley, kama walivyoitana shuleni wakiwa wadogo. Lakini hayo yalikuwa mambo yao huko juu, na Yelland hakuona yanamhusu nini.

Sasa ngoja nikwambie habari za huyo Kapteni, maana Yelland alizijua kuliko mkewe Kapteni. Wivu ndio uliomsomesha. Kapteni alikuwa mtoto wa tatu wa kasisi mwenye nyumba kubwa. Baba alimnunulia cheo jeshini, ndivyo ilivyokuwa desturi wakati ule, na akiwa na miaka kumi na tisa akapelekwa vitani Krimea, ambako baridi ilimla vidole viwili vya mguu wa kushoto. Kutoka huko akaenda India, risasi ikampita kwenye kiwiko, na mkono wa kulia haukunyooka tena. Homa zikamwandama, daktari akamwambia arudi nyumbani, naye akaandika barua ya kuomba kazi ikiwa na mapendekezo ya majenerali wawili na askofu mmoja. Barua hiyo ilipitia mezani kwa Yelland. Aliisoma mara nne mpaka akaikariri.

Hata vile vidole alivionea kijicho. Majira yaleyale ya baridi, mwaka wa Krimea, yeye Yelland alipoteza kucha tatu juu ya mlima wa Combe akitafuta kondoo wa Sir Roland Chudley kwenye theluji. Kucha zilizoachwa Westmarch hazina medali. Alisema hivyo kila Krismasi, na kila Krismasi mkewe Thirza alimwambia ale.

Laiti Kapteni angekuwa mjinga! Hapo Yelland angelala usingizi mtamu. Lakini wapi. Mwezi wa kwanza tu alipiga lindo na kila konstebo wa jimbo, mguu wake mbovu na yote, halafu akapunguza njia zao na kuwatafutia makoti yasiyopitisha maji. Konstebo waliokuwa wakimwogopa Yelland kwa miaka wakaanza kumpenda Kapteni kwa wiki sita. Na baya zaidi, kila jambo alimuuliza Yelland kwanza. "Bwana Yelland, wewe ungefanyaje?" Yelland akamweleza, Kapteni akafanya, na gazeti la Corveton likaandika: Kapteni Wyvill amefanya.

Chukua yale ya machimbo ya mawe ya Stoke, mwaka wa kumi wa Kapteni. Wachimbaji mia tatu waligoma, wakasimama njiani na mitaimbo mikononi. Mahakimu wakataka jeshi liitwe. Kapteni akamgeukia naibu wake.

"Usiite jeshi, afande," Yelland akasema. "Anayewaongoza ni Eli Fursdon. Si mtu mbaya, ana mdomo tu. Mkewe kajifungua wiki iliyopita na hali yake haikuwa nzuri. Muulize habari za mtoto."

Wakaenda wawili, hakuna wa tatu. Kapteni akashuka kwenye farasi, akavua kofia, akatembea na mkono wake uliopinda mpaka katikati ya ile mitaimbo, akasema, "Fursdon, mtoto hajambo?" Fursdon akashusha mtaimbo wake, akasema, "Hajambo, mheshimiwa. Ananyonya." Nyuma mmoja akaropoka, "Kama baba yake kwenye pipa la bia!" na kicheko kikawatoka wote, na watu waliokwisha kucheka pamoja ni vigumu kupigana. Saa sita mchana walikuwa wameketi kwenye nyasi wanazungumza na meneja wao.

Gazeti likaandika "Ushujaa wa Kapteni." Haki ya Mungu, Kapteni mwenyewe aliandika barua kusema wazo lilikuwa la naibu wake. Wakaichapa ukurasa wa nyuma, chini ya bei za nguruwe, na jina wakalikosea: Bwana Holland. Yelland alikata kile kipande cha gazeti, akakitunza ndani ya Biblia ili aweze kukasirika kila Jumapili.

"Umenuna tena," Thirza akamwambia jioni moja, akimnyonyoa bata. "Leo kafanya nini? Kapumua?"

"Mke wa askofu kamwita nguzo ya jimbo."

"Na wewe ulitaka awe nani? Kigingi?"

"Nguzo ni mimi, Thirza! Yeye ni paa. Paa ndilo linaloonekana."

"Haya, mwana wa mwezeka paa kasema." Akatupa manyoya kwenye ndoo. "Miaka kumi na saba unamhesabia mwanamume vifungo vya koti. Ungekuwa unanitazama mimi hivyo, ningekuwa nimeshashona gauni jipya."

Yelland hakucheka. Angecheka vipi? Alikuwa anaumia kwelikweli. Usiniambie wivu ni mambo ya wanawake wa mtaani; yule mtu mzima, mwenye ndevu na ufunguo wa mahabusu, kuna siku alishindwa kumeza chakula kwa sababu Kapteni kapigiwa makofi kwenye maonyesho ya ng'ombe.

Kisha, mwanzoni mwa mwaka 1885, moyo wa Kapteni ukaanza kumsumbua. Daktari akamwambia aache kazi la sivyo kazi itamwacha. Akamwita naibu wake ofisini, akafunga mlango.

"Naondoka mwezi wa tatu, Bwana Yelland."

Moyo wa Yelland ukaruka, akaona aibu, ukaruka tena. "Pole, afande. Na kiti?"

"Mahakimu wana majina mawili. La kwanza ni mpwa wake Sir Roland, Kapteni Dacre."

"Kapteni," Yelland akasema.

"Kapteni, ndiyo. Jina la pili nimelipeleka mimi." Akatazama nje dirishani. "Alhamisi mahakimu wanakula mchana pamoja hoteli ya Kulungu Mweupe. Nimeomba na wewe uwepo. Usivae sare. Kula, na uongee kama unavyoongea na mimi. Ni hayo tu."

Ni hayo tu! Mtu yeyote mwenye akili angemkalisha chini amweleze moja, mbili, tatu. Lakini waungwana wa kwetu, kumwambia mtu jambo lake waziwazi wanaona ni kama kumchungulia akioga. Hata hivyo Yelland alielewa jambo kubwa. Jina la pili lilikuwa lake. Baada ya miaka thelathini na mitano kiti kilikuwa umbali wa kuunyoosha mkono. Usiku ule Thirza alipiga brashi koti lake jeusi mpaka likakaribia kutoboka, na asubuhi akamwambia, "Uma wa nje kwanza. Na usimjibu mtu kabla hujameza."

Mezani walikuwa mahakimu tisa, Sir Roland Chudley kwenye kiti cha mbele, mzee wa miaka sabini mwenye mashavu mekundu. Yelland aliketishwa karibu na Kapteni. Supu ikaja, ikapita salama. Akaja kondoo. Na hapo Kapteni akamgeukia, mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Yelland, hebu mwambie Chudley yale ya nguruwe wa kasisi."

Yelland akahisi damu inampanda mpaka masikioni. Yelland? Tupu? Miaka kumi na saba mtu huyu hajawahi, hata siku ya hasira, hata siku ile jela ilipoungua. Leo, mbele ya watu tisa, kama anamwita mtu wa kuvua buti! Alikisimulia kile kisa kwa mdomo mkavu. Wakacheka, hasa pale nguruwe anapoingia kanisani. Yeye aliwatazama akaona wanamcheka yeye.

"Yelland, chumvi tafadhali," Kapteni akasema baadaye kidogo.

Ehee! Sasa nimtumikie na mezani. Yelland akampa chumvi, na nyongo yote ya miaka kumi na saba ikaanza kumpanda: ile stesheni, lile gazeti, zile kucha tatu. Akajiambia sasa amemjua. Kapteni hakumleta hapa kumpa kiti. Kamleta kumwonyesha mahali pake kabla hajaondoka, ili Dacre akija akute naibu ameshazoeshwa kuitwa kama mbwa wa zizini.

Ndipo Sir Roland naye akainua shingo kule mbele, akakohoa, kama mtu anayejilazimisha kumeza dawa, akasema, "Na majangili wa samaki pale mtoni, Yelland, wewe unaonaje?"

Yelland akaweka kisu chini.

"Mheshimiwa, mimi ni Bwana Yelland," akasema. Sauti yake ilisikika mpaka kwa mhudumu mlangoni. "Neno hilo nimelipata kwa jasho, na sidhani nimefanya kosa lolote la kuvuliwa."

Kapteni Wyvill akafumba macho. Sir Roland alizidi kuwa mwekundu, halafu akatabasamu tabasamu zuri sana. "Bila shaka. Niwie radhi, Bwana Yelland."

Na kutoka hapo ikawa ni heshima tupu! Bwana Yelland aongezwe kondoo? Bwana Yelland atapenda mchuzi wa mnanaa? Bwana Yelland haoni upepo mkali dirishani pale? Habari za majangili hakuna aliyezirudia. Walizungumza mvua, na Yelland akala kama mfalme.

Alirudi nyumbani anapiga mluzi. "Nimewanyoosha, Thirza! Mmoja mmoja!" Akamsimulia yote, akiigiza sauti ya Sir Roland akiomba radhi.

Thirza alicheka, kisha akaacha. "Na Kapteni alisemaje?"

"Hakusema kitu. Alifumba macho."

"Kwa nini afumbe macho?"

"Aibu yake," Yelland akasema, akavua kola.

Jumatatu Kapteni akamwita. Alikuwa amesimama, rangi imemtoka, ameshikilia mgongo wa kiti. "Wamempa Dacre," akasema. "Keti."

Yelland hakuketi. Alifungua mdomo, na alivyoufungua vikatoka vitu ambavyo naibu hamwambii mkubwa wake.

"Najua, afande! Kapteni kwa kapteni! Mnarithishana kiti kama mabwana mnavyorithishana mbwa. Nikwambie? Siku unashuka stesheni nilikuombea uteguke mguu. Kila ulichofanya nilitamani kiharibike, na kazi niliifanya mimi ili kisiharibike. Nimekuonea wivu wa medali, wa farasi, wa sauti yako. Nimekuonea wivu wa vidole ambavyo hata huna! Na wewe, siku ya mwisho, unaniita mbele ya watu tisa kama mtu wako wa kukuvua buti!"

Kapteni alimsikiliza mpaka akaishiwa pumzi. Wala hakukasirika. Nafikiri ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Ule wivu niliujua," akasema polepole. "Na mimi nilikuwa nao. Konstebo walikuwa wakinipenda, lakini mambo yakichacha walikuwa wakikutazama wewe. Hilo tuliache. Jumatano iliyopita mahakimu sita kati ya tisa walikuwa upande wako."

"Sita?"

"Sita. Kazi yako hakuna aliyeitilia shaka. Swali lao lilikuwa moja tu: huyu mtu anaweza kuwa mmoja wetu? Nikawaambia mtamwona Alhamisi. Wiki mbili nilimbembeleza Chudley akuite kama anavyoniita mimi. Mzee yule hajawahi kumwita mtu wa asili yako jina tupu isipokuwa kumtuma. Kwake ilikuwa kama kuvua koti akupe."

"Jina tupu ni la watumishi, afande."

"Ni la watumishi. Na ni la marafiki. Bwana ni la watu wa katikati, tunaowaheshimu na hatuwaaliki mara ya pili." Akaketi. "Ulipolirudisha walisema umejijibia mwenyewe, kwamba mahali pako unapajua na ndipo unapopataka. Watatu wakahama palepale."

"Kwa nini hukuniambia?" Yelland akauliza. Sauti ilikuwa ndogo kama ya mtu mwingine.

"Sikujua kwamba ni jambo la kuambiwa. Kila mtu ninayemfahamu analijua tangu shuleni. Hilo ni kosa langu, na nimekosa usingizi kwa ajili yake." Akanyoosha ule mkono uliopinda, na Yelland akaushika, na hakuna kati yao aliyeweza kusema kwa jina gani amuage mwenzake.

Alitembea kurudi nyumbani kwa njia ndefu. Thirza alikuwa mlangoni na kofia yake nzuri kichwani, kwa sababu jirani wawili walikuwa wameshaalikwa chai.

"Wamempa nani?"

"Dacre."

"Kapteni tena!" Thirza akapiga mikono. "Wamekunyima tena, washenzi wale! Kwa mara ya pili, Silas!"

Miaka kumi na saba sentensi ile ilikuwa ndiyo chakula chake. Angeweza kuikubali tu, akaingia ndani, akaketi nayo kando ya moto mpaka uzeeni, na mke na jirani wangemwonea huruma.

"Hapana," akasema. "Safari hii walinipa, Thirza. Nikawarudishia mwenyewe."

Akavua kofia, akaketi kwenye ngazi ya mlango, akaanza kumweleza.